Plagi ya sensa iliyovunjika kwenye injini ya lori

Ndugu, kama kile kikufuli cha plastiki kwenye plagi ya sensa ya presha ya dizeli, yaani kifaa kinachopima presha ya mafuta, kimevunjika, usikifunge kwa tepu. Injini ya dizeli inatikisika sana. Pini zitachezacheza na lori litapoteza nguvu ghafla, kisha lirudi sawa lenyewe. Nunua plagi mpya yenye vipande vya waya. Chomoa betri, halafu kata na kuunga waya mmoja mmoja. Usiamini rangi, mara nyingi hazifanani: fuata nafasi ya pini. Maungio yapishane, yasirundikane sehemu moja, na kila moja livike mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Kabla ya kuchomeka, chungulia pini za sensa yenyewe. Ukiona ukijani wa kutu, safisha kwanza.