Angalia lambda yako inabeba nini

Nikikagua msimbo wa C# wa methodi inayoitwa maelfu ya mara kwa sekunde, huanza na lambda, yaani funksheni fupi isiyo na jina inayoandikwa papo hapo. Swali langu ni moja: inatumia kigeu gani cha nje?

Isiyotumia chochote cha nje haina shida, kwa kuwa kompaila huihifadhi delegeti yake (objekti inayoelekeza kwenye msimbo wa kuitwa) na kuitumia tena na tena. Ikigusa parameta au kigeu cha methodi inayoizunguka, mambo hubadilika. Kompaila hutunga klasi ya siri ya kubebea thamani hiyo, na kila mara huundwa objekti mbili kwenye hipu (eneo la kumbukumbu linalohifadhi objekti): ya klasi hiyo, na delegeti yenyewe. Kazi ya kuzifagia inabaki kwa kikusanya taka.

Mfano ninaokutana nao sana, ambapo `kache` ni `ConcurrentDictionary` na `GetOrAdd` huita lambda pale tu ufunguo unapokosekana:

`kache.GetOrAdd(id, k => Pakia(k, lugha));`

Hata kama `id` imo tayari na lambda haitaitwa kabisa, objekti zote mbili zimeshaundwa. Wengi hutanguliza `TryGetValue` ili methodi irudi mapema. Hiyo ni nusu ya dawa. Delegeti haitaundwa, ila `lugha` ni parameta, kwa hiyo objekti ya kuibeba huundwa pale methodi inapoanza, kabla hata ya `TryGetValue` kuitwa. Ukisoma msimbo kwa macho huoni chochote, na ndiyo maana nalisisitiza sana jambo hili.

Mpe `GetOrAdd` thamani hiyo kama hoja:

`kache.GetOrAdd(id, static (k, l) => Pakia(k, l), lugha);`

Neno `static` mbele ya lambda lilikuja na C# 9 mwaka 2020. Ukisahau ukagusa kigeu cha nje, kompaila inagoma. Mimi huliweka kila linapowezekana, maana mwenzako atakayeuhariri msimbo baadaye naye analindwa. Kama `Pakia` si methodi tuli (static), pitisha tapo (tuple) `(this, lugha)`. Tapo hiyo ni struct, yaani aina ya thamani, haiendi kwenye hipu.

Methodi unayoiita isipopokea hoja ya ziada, hamishia lambda kwenye methodi ya pembeni, iitwe tu pale kache inapokosa kitu.

Msimbo unaoendeshwa mara moja programu inapowaka uache ulivyo. Kwingine pima kwanza: weka `[MemoryDiagnoser]` ya BenchmarkDotNet, maktaba ya kupima utendaji wa msimbo, kisha tazama safu ya Allocated. Ikionyesha kistari badala ya baiti, hapo hakuna kumbukumbu iliyoombwa kwenye hipu.