Fundi Anajibu: Sili mpya, shokapu bado inavuja

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda XL 125 ya mwaka 1982, ilikuwa ya babu. Shokapu ya mbele upande wa kushoto inavuja oili. Mwaka huu nimebadilisha sili (mpira wa duara unaozuia oili isitoke) mara mbili, na kila mara baada ya wiki mbili tatu inaanza tena. Upande wa kulia haujawahi kufunguliwa na ni mkavu. Sili niliyotoa imeandikwa 31 43 10.3. Fundi wa hapa ananishauri nifunge shokapu za pikipiki ya Kichina, lakini sitaki kuiharibu. Nifanyeje? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Shokapu usibadilishe. Sili mbili kufa kwa mwaka mmoja mahali pamoja ni dalili kwamba kuna kitu kinaziua, na hata ukiweka ya tatu nacho kitaiua vilevile. Mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: bomba la krome limekula kutu, oili imezidi, au shokapu imefungwa ikiwa imepinda.

Anza na bomba, yaani ile nguzo ya krome inayoingia na kutoka kwenye kikombe cha aluminiamu. Funga uzi au raba bendi kulizunguka, juu kidogo ya kikombe, kisha zunguka na pikipiki mtaani, upite na kwenye matuta. Uzi utasukumwa hadi pale sili inapofika. Kutu iliyo juu ya uzi haikuhusu. Inayokuhusu ni ile ya chini yake. Isafishe sehemu hiyo kwa petroli, ikaushe, halafu pitisha ukucha polepole kutoka juu kwenda chini, na baadaye pitisha kipande cha soksi ya nailoni. Panapokwama ndipo penye adui. Kishimo chenye ukubwa wa kichwa cha pini kinatosha: kila shokapu inapobonyea, ukingo wake unakwangua mdomo wa sili kama kisu, na inapopanda kinatoka kimebeba tone la oili.

Vishimo hivyo vinazibika. Ukishalitoa bomba, chimbua kutu kwa ncha ya sindano hadi uone chuma cheupe, osha kwa asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha inafaa kama haina mafuta ndani), kisha dondoshea gundi ya epoksi ya mirija miwili hadi ivimbe juu kidogo. Iache saa 24. Ikate kwa wembe mpya ulioulaza juu ya krome, malizia kwa msasa wa maji namba 1000 halafu 2000, ukiutia oili. Msasa uzungushe kwa mshazari, usiuvute kutoka juu kwenda chini: mkwaruzo wa wima ni mfereji, na oili itaufuata. Kama krome inabanduka maganda, epoksi haitashika. Hapo bomba linahitaji krome ngumu ya viwandani na kusagwa upya kwa kipimo, siyo krome ya urembo ya kwenye bampa, au ulitafute bomba jingine la XL.

Sasa ufunguaji. Unapoanza, magurudumu yote mawili yawe chini. Legeza boliti za kibano cha juu kinachoshika bomba, halafu ulegeze kifuniko cha juu cha shokapu robo mzunguko tu. Ukiacha kibano kimebana, kifuniko hakitazunguka na utaharibu pembe zake. Kisha nenda chini kabisa ya kikombe, kuna boliti ya eleni (yenye tundu la pembe sita kichwani) imezama ndani. Ilegeze sasa hivi, kabla hujatoa chochote, kwa sababu wakati huu springi bado inakandamiza fimbo ya ndani na kuizuia isizunguke pamoja na boliti. Wengi hulikumbuka hili shokapu ikiwa tayari mezani, boliti inazunguka bure. Likikukuta, chonga ncha ya mpini wa fagio iwe nyembamba kidogo, uingize kutokea juu, uugonge taratibu ushike kichwa cha fimbo, mwenzako aushikilie huku ukifungua.

Inua pikipiki kwa kreti chini ya injini, toa waya wa breki, waya wa spidi na gurudumu. Legeza vibano, vuta shokapu ishuke huku ukiizungusha. Kifuniko ukimalizie nje, kwa kiganja juu yake na uso ukiwa mbali, maana springi inasukuma. Angalia springi imekaa upande gani kabla hujaitoa. Mwaga oili kwenye chupa ya kioo uitazame kwenye mwanga: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ikimeremeta kijivu, ni aluminiamu inayosagika.

Toa boliti ya chini, bomba litachomoka kwenye kikombe. Ondoa kifuniko cha vumbi, kisha toa klipu ya waya iliyo juu ya sili. Mara nyingi imefunikwa na kutu, basi ipake mafuta ya taa, usubiri. Sili yenyewe usiigonge kwa tindo. Chemsha maji, mimina juu ya shingo ya kikombe kwa dakika mbili tatu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma kilicho ndani ya sili. Weka kipande cha mbao ukingoni, ing'oe kwa bisibisi bapa pana, mara huku, mara kule, kidogo kidogo, bila ncha kugusa ukuta wa ndani. Ukiukwaruza ukuta, oili itapita nyuma ya sili hata ikiwa mpya na nzuri kiasi gani.

Kabla ya kurudisha, laza bomba juu ya kioo cha dirisha kinene na ulibingirishe. Ukiona mwanga chini yake unafunguka na kufunga, limepinda, na kupinda kunakozidi milimita 0.2 ni kwa kubadilisha au kupeleka kwenye presi. Bomba lililopinda hula upande mmoja wa sili.

Namba zako zinasoma hivi: 31 ni tundu la ndani, 43 ni upana wa nje, 10.3 ni kimo, zote milimita. Mwenye duka akikupa yenye kimo cha 11 akisema ni ileile, pima kwanza kama mfereji wa klipu utabaki wazi. Nunua mbili, za kushoto na kulia, maana ya kulia ina umri wa pikipiki.

Paka midomo ya sili oili ya shokapu. Upande wenye springi ndogo uangalie chini kwenye oili, maandishi yaangalie juu. Funika ncha ya bomba kwa nailoni laini ya mkate ili ukingo usichane mdomo. Rudisha fimbo na bomba ndani ya kikombe, ufunge boliti ya chini, ndipo ushushe sili kwa kutumia kipande cha bomba la PVC. Tundu lake lizidi 31 na upana wake wa nje usifike 43. La inchi moja na robo kwa kawaida huangukia hapo, lakini lipime. Liteleze kwenye bomba, ugonge sawasawa. Sikiliza: sauti ya kugonga hubadilika kutoka butu hadi kali sili inapokaa. Mfereji wa klipu ukionekana wote, acha. Klipu iingie yote, uizungushe kuhakikisha.

Boliti ya chini ina washa ya shaba. Weka mpya, au ichome ile ya zamani kwenye jiko la gesi hadi iwe nyekundu uitumbukize kwenye maji, italainika. Tia tone moja la gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia boliti isilegee, kaza kwa takriban niutoni-mita 20. Washa hii ikivuja, oili hudondokea kwenye ekseli na sili ya juu husingiziwa.

Oili ndiyo iliyoua sili zako, nadhani, kama bomba litakuwa safi. Juu ya oili ndani ya shokapu kuna hewa, na hewa hiyo ni sehemu ya springi. Ukijaza kupita kiasi, hewa inakosa nafasi, gurudumu likipiga shimo shinikizo linatafuta njia, na njia dhaifu ni sili. Kiasi kamili kiko kwenye kitabu cha pikipiki. Kama huna, mguu wa kulia wa pikipiki, yaani shokapu ambayo haijawahi kufunguliwa, ndio kitabu: umwage, upime kwa bomba la sindano, ongeza mililita 10 hadi 15 za ile inayobaki imeshika kuta, na kiasi hicho kiende kila upande. Tumia oili ya shokapu SAE 10, au oili ya gia otomatiki, ATF, ambayo Honda yenyewe iliiandika kwenye vitabu vyake vingi vya miaka hiyo. Oili ya injini namba 40 hapana. Mimina kabla ya springi, pampu bomba taratibu mara kumi hadi usihisi hewa, ndipo uweke springi na kifuniko.

Kufunga kuna siri moja. Mabomba yote mawili yapande kimo kilekile juu ya kibano. Kaza vibano vya chini, halafu vifuniko, halafu vibano vya juu. Ekseli ikaze, lakini boliti zinazoishika kwenye kikombe ziache legevu kwanza. Teremsha pikipiki, shika breki ya mbele, ibonyeze chini mara sita saba. Miguu itajipanga yenyewe, ndipo ukaze. Ukiruka hatua hii miguu inavutana, na sili inalipa.

SWALI: Fundi, naambiwa nikitia oili ya breki ndani ya shokapu sili itavimba na kuziba. Ni kweli? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Itavimba, kisha italainika na kuoza, kwa sababu mpira wa sili za shokapu haukutengenezwa kwa ajili ya oili ya breki. Utapata siku chache za ukavu na kazi kubwa zaidi baadaye. Kama uvujaji ni mdogo na umeanza baada ya njia ya vumbi, jaribu kwanza hivi: inua kifuniko cha vumbi, kata ukanda wa filamu ya eksirei wenye upana wa kidole na mdomo wa ndoano, utelezeshe kati ya sili na bomba, uzungushe ukivuta nje. Chembe moja ya mchanga ikitoka, huenda ukawa umemaliza. Na kama oili imefika kwenye breki, zishughulikie leo hii. Viatu vya breki vilivyolowa havisafishiki vikarudi kama zamani, vibadilishe.

SWALI: Mipira ya mikunjo inayofunika bomba lote inasaidia, au ni urembo tu? – Msomaji, Goma

JIBU: Kwa vumbi na mawe ya huko inasaidia sana. Ila hakikisha tundu dogo la chini la kila mpira liko wazi na limeangalia nyuma. Likiziba, maji ya mvua hukaa humo ndani wiki nzima, na krome huanza kuliwa mahali usipopaona. Kila miezi mitatu legeza bendi, ukunje mpira juu, ufute bomba kwa kitambaa chenye oili.