Nitauacha au Nitaung'oa? Inategemea Ulikotoka

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmetuuliza wasomaji: mmea ukijiotea nyumbani kwako bila mtu kuupanda, unauacha au unaung'oa, na kwa nini? Mimi sina jibu moja kwa mimea yote, ila nina jambo ninalotaka kulijua kabla ya kushika jembe, nalo ni mbegu yake ilifikaje hapo. Ninaishi Morogoro, kwenye kiwanja cha kawaida cha mjini chenye ua wa michongoma, mwembe mmoja na shimo la taka za jikoni nyuma ya nyumba, na karibu kila kinachoota hapo bila kupandwa kina njia kilikojia. Kwa kawaida ninaupa mche nafasi mpaka utoe majani manne au matano ya kweli, kwa sababu yale mawili ya mwanzo hayasemi mengi, na katika muda huo ninaitafuta njia hiyo.

Iko mimea ambayo haikutoka popote, kwani mbegu zake zilikuwamo udongoni kabla hata sisi hatujahamia. Mchicha pori, mgagani na mnavu ni wa kundi hili. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, mmea mmoja hutoa maelfu yake, nazo huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai, zikingoja mvua na, kwa aina nyingi, mwanga pia. Ndiyo maana tuta lililolimwa mara tu mvua za vuli zinapoanza hufunikwa na mchicha ambao mwezi uliopita haukuwapo: jembe ndilo lililozigeuza mbegu na kuzileta juu. Wanaolalamika kwamba palizi huongeza magugu hawajakosea sana. Mimea hii ninaiacha ikue, tunaichuma ikiwa michanga, na sioni sababu ya kwenda kununua fungu la mboga sokoni ilhali mgagani umesimama mlangoni. Tahadhari ninayoitoa ni moja. Mahali penye samadi nyingi panapopendwa na mnavu hupendwa vilevile na mnanaha, ambao una sumu kuanzia majani hadi mbegu. Mnanaha hutambulika kwa maua yake meupe marefu yenye umbo la tarumbeta, kwa tunda lenye miiba na kwa harufu mbaya ya jani lililopondwa, lakini ukiwa mchanga bado hauna maua wala tunda. Kwa hiyo asiyeujua mnavu kwa hakika asichume jani lolote mpaka aone maua, na hata akishaujua, yale matunda mabichi ya kijani ya mnavu si ya kuliwa.

Njia ya pili hutoka juu. Chini ya mwembe na kando ya ua wetu huota pilipili kichaa, mipera, miarobaini na mara nyingine mikungu, yote katika mstari unaofuata matawi wanakotua ndege na wanakoning'inia popo. Pilipili inanipendeza zaidi kwa jinsi ilivyojipangia safari: ndege hausikii ukali wake, hivyo huimeza nzima na kuitoa mbegu ikiwa salama, wakati mnyama mwenye meno ya kusaga, ambaye angeiharibu, huchomwa mdomo na kuiacha. Popo naye huchukua tunda la mkungu au la mwarobaini, hulipeleka kwenye mti wake, hula nyama na kudondosha kokwa. Mimea ya namna hii haina ubaya wowote isipokuwa mahali pake, maana aliyepachagua hakufikiria msingi wa nyumba, bomba wala shimo la choo. Mpilipili ukiota popote unaweza kukaa. Mwarobaini ulio hatua moja kutoka ukutani ninauhamisha ungali mfupi, kabla mzizi wake mkuu haujazama, na kama nimechelewa ninaukata. Hatari zaidi ni miti ya jamii ya mkuyu, ambayo mbegu zake ndogo huachwa na ndege kwenye ufa wa ukuta au kwenye mfereji wa paa, nayo huota hapo hapo bila udongo wa kutajika. Aliyetembelea magofu ya Gede nchini Kenya au kuta za zamani za mwambao ameona mizizi ya miti hiyo inavyoweza kukumbatia jiwe na kulipasua. Hiyo hung'olewa siku ileile inapoonekana.

Mambo huwa mengi zaidi kwenye shimo la taka za jikoni, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosema kwamba cha bure kisitupwe. Taka zinazorundikwa kidogo kidogo hazipati joto la kuua mbegu. Mboji huhitaji kufika nyuzi joto 55 hadi 60 na kudumu hapo siku kadhaa ndipo mbegu nyingi zife. Kwa hiyo mboji yetu ya nyumbani, popote tunapoimwaga, hupanda nyanya, maboga na mipapai.

Tuanze na nyanya. Baadhi ya zile za sokoni siku hizi zinatokana na mbegu chotara, na mbegu ya chotara haimrudii mzazi wake: mche mmoja utazaa vizuri, wa pili utazaa vijinyanya, wa tatu utanyauka mapema. Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyeripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2014. Nyanya za maotea zinapobaki zimesimama baada ya msimu, humpa kantangaze chakula cha kumvusha hadi msimu unaofuata, na mnavu pia humhifadhi. Kwa mtu anayeishi Mgeta au Ngarenanyuki, ambako watu hupata riziki kwa nyanya, kuacha maotea uani ni kumfugia jirani mdudu. Mjini ninaacha mche mmoja au miwili ninayoweza kuikagua jani kwa jani, na wenye mabaka meupe yaliyochimbwa ndani ya jani ninaung'oa na kuufungia kwenye mfuko.

Boga lina shida nyingine. Maboga ya aina moja huchavushana kwa urahisi kupitia nyuki, na mbegu inayookotwa jalalani inaweza kubeba urithi wa mmea ambao hukuuona kamwe. Mara chache tunda linalopatikana huwa chungu isivyo kawaida, na uchungu huo, katika boga, mung'unye au tango, ni dalili ya sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Atakayeonja kipande na kukikuta kichungu akiteme, na sufuria nzima imwagwe. Majani ya mmea usio na uchungu tunayachuma bila wasiwasi.

Mpapai ndio unaohitaji subira kuliko yote. Mbegu zake zimefunikwa na ngozi yenye utelezi inayochelewesha kuota. Ngozi hiyo ikishaozea udongoni, huchomoza miche mingi kwa pamoja. Hakuna anayeweza kutazama mche wa mpapai na kusema kwa uhakika kama ni dume au jike, ijapokuwa kila mtaa una mzee anayedai anaweza. Inabidi kungoja maua, ambayo huja baada ya miezi kadhaa: ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, ya jike hukaa peke yake karibu kabisa na shina. Ipo pia mipapai yenye jinsia zote mbili katika ua moja, ambayo matunda yake huwa marefu kuliko mviringo wa papai la jike. Kwa hiyo ninaacha miche mitatu iliyokaribiana, ninangoja maua, kisha ninapunguza. Dume moja linatosha kwa majike kumi au zaidi, na mara nyingi jirani analo.

Njia ya mwisho ni ile inayoletwa na binadamu mwenyewe: lori la mchanga, gunia la samadi, udongo wa kujazia kiwanja, matairi ya gari lililotoka safari. Ndiyo njia ya gugu karoti, lililokwisha kuenea Arusha, lenye majani yaliyokatikakatika na vichwa vidogo vya maua meupe, ambalo huwasha ngozi, huwasumbua wenye pumu na hutia uchungu maziwa ya ng'ombe anayelila. Mmea mmoja ulionawiri unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huu siupi nafasi ya majani manne. Rundo la mchanga wa ujenzi likishushwa uani, ninalikagua baada ya kila mvua, ninang'oa kwa glovu kabla ya maua, na ikiwa maua yameshatoka ninakifunika kichwa chake kwa mfuko kwanza, kisha ninauchoma moto. Afisa ugani wa kata anapaswa kuarifiwa, na dereva wa lori naye aulizwe alichota mchanga wapi.