Ukitaka Mtu Achange, Mwite kwa Jina Lake

Juzi dada mmoja ameniandikia. Ametuma ujumbe wa kuwachangia wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva usio na tiba, kwa watu zaidi ya 200. Waliojibu ni 9, waliotoa ni 2. Anauliza amekosea wapi. Dada yangu, nimepita hapo hapo, na kidonda changu bado kibichi.

Kaka yangu alianza kwa kuangusha vitu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anahangaika na kifungo cha tatu cha shati. Vidole havimtii. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akatikisa kichwa. Nikasubiri. Kifungo hakikuingia. ALS huua neva zinazoamuru misuli: mikono, miguu, ulimi, mwisho pumzi. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tu tangu dalili zianze. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1963 akafariki 2018, lakini walio kama yeye ni wachache mno.

Tulipomzika kaka niliandika ujumbe mrefu wa kuwaombea wagonjwa wa ALS michango, nikaujaza takwimu, nikaumwaga kwenye kila kundi nililomo. Kimya. Rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliweka kialama cha mikono ya dua, basi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka huu sikutuma ujumbe wowote. Nilipiga simu, mtu mmoja mmoja, kila jioni, nikisimulia kile kifungo na kueleza fedha zitalipia nini. Wiki iliyopita tumevuka lengo. Nalisema hili kifua mbele.

Mnakumbuka mwaka 2014 watu walivyojimwagia ndoo za maji ya barafu? Wengi waliona ni mchezo. Mchezo huo ulikiletea chama cha ALS cha Marekani dola milioni 115, na sehemu ya fedha za kampeni hiyo ilisaidia utafiti uliotambua mwaka 2016 kwamba jeni (chembe ya urithi) iitwayo NEK1 inahusika na ugonjwa huu. Pete Frates na Pat Quinn, walioisukuma kampeni hiyo ikaenea, walikuwa wagonjwa wenyewe. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Maji yalivuta macho, lakini kilichosukuma watu ni kuitwa: kila aliyelowa alitaja wenzake watatu kwa majina, hadharani. Ukishatajwa, utajificha wapi?

Basi ndugu zangu, sisi tunaotaka ALS ipate dawa, tuache kuomba michango kwa umati. Mtaje mtu. Mpigie. Akishatoa, mrudie umweleze fedha yake imefanya nini. Msilaumu ukimya wa watu ambao hamkuwaita. Kuomba kwa ajili ya mgonjwa si aibu, jamani, ni kumbebea sauti aliyoipoteza.

Yule rafiki yangu sikumpigia hata mwaka huu. Hasira ilinizuia. Namba yake ninayo, na kesho jioni naanza na yeye.