Kuku hawa kachinja nani?

Juzi binti mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo dada. Nataka nianze kupikia shughuli kama wewe. Naomba ushauri, na je, ni lazima niandike HALALI kwenye bango?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka nikujibu mistari miwili, nikashindwa. Neno hilo niliwahi kuliandika kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, na ndilo lililoniumbua.

Ilikuwa harusi ya hapa Tanga, Ngamiani, kuku 60. Nilivyoipata kazi na nilivyohangaika na mchele naviruka. Kuku nilinunua sokoni alfajiri, wa kisasa, na pale pale wapo vijana wanaochinja na kunyonyoa. Mmoja anakata na kutupa, mwenzake anachovya kwenye pipa la maji ya moto. Nikawaachia hela na ndoo, nikaenda zangu kutafuta viungo. Niliporudi kuku weupe, wasafi. Nikawasifu.

Usiku tunaosha, mpwa wangu akaniletea mmoja. "Shangazi, huyu mbona shingo nzima?" Ngozi ilikuwa imechanika kidogo ubavuni mwa shingo, basi. Tukapekua, tukapata wa pili, na huyo hana hata mkwaruzo. Aliingia pipani mzima.

Sasa niseme ukweli wangu. Wale wawili niliwatoa. Waliobaki 58 niliwapika. Wengi walikuwa wamekatwa sawasawa, lakini sikuwatazama wote, kwa sababu niliogopa kumwona wa tatu.

Kesho yake wanaume wako jamvini, masinia yameshawekwa, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi hakunyoosha mkono. Akaniita. "Mama, pilau inanukia. Kuku hawa kachinja nani?" Hakuwa na nia mbaya, ningemtajia mtu, angekula. Nikababaika. "Wamechinjwa sokoni, mzee." "Na nani?" "Vijana." "Ulikuwepo?" Nikatazama chini. Hakugomba. Alisema "sawa, mama," akalisukuma sinia lake taratibu. Aliokaa nao wakanawa mikono. Wa jamvi la pili wakauliza kuna nini. Masinia yakaanza kurudi jikoni yamejaa vile vile, na zabibu juu nilizozipanga moja moja.

Walikuwepo walioniambia mzee kazidisha. Na mimi nilitafuta pa kujitetea, nikapapata: hadithi ya Bi Aisha, mkewe Mtume, imo katika kitabu cha hadithi cha Imamu Bukhari. Watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama wanayoletewa na waliosilimu karibuni, hawajui kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Akawaambia watajeni nyinyi jina lake, mle. Nikaenda nayo kwa sheikh wa mtaani kwetu, kifua mbele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, katika hadithi hiyo wewe ni yupi? Mlaji, au aliyeleta nyama? Halafu wale shaka yao ilikuwa bismillahi. Wewe umeona shingo."

Nilikaa kimya, akanisomesha. Kwa Imamu Shafii, tunayemfuata wengi wetu pwani hii, lazima vikatike viwili: koromeo linalopitisha pumzi na umio linalopitisha chakula, na mnyama awe hai kisu kinapopita. Kutaja jina la Mungu kwetu ni sunna, kwa Wahanafi, wa madhehebu nyingine, ni lazima. Basi taja, unapungukiwa nini? Aliyekufia majini kabla ya kukatwa ni mzoga. Na mzoga, ndugu zangu, ndio uliotangulia kutajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida, kabla ya damu, kabla ya nyama ya nguruwe. Nguruwe hata jina lake tunalitemea mate, lakini mzoga tunautia ndimu na pilipili, tunakula huku tunamswalia Mtume. Tunamdanganya nani?

Tangu siku hiyo nachinja mwenyewe. Utotoni nilikuwa nikitumwa njiani, kuku kwapani, kisu mkononi, nimngoje mwanamume apite: "Kaka, nichinjie." Kijana aliyetoka jando juzi alionekana ana haki kuliko mama yangu aliyehitimu msahafu! Kumbe Bukhari huyo huyo anasimulia kijakazi wa Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume, aliyemwona kondoo anakata roho malishoni, akavunja jiwe, akamchinja kwalo. Mtume akaulizwa, akaruhusu aliwe. Mtaa mzima wamenisema. Waseme. Kuku 40 wa wiki iliyopita nimewachinja kwa mkono huu, na sinia halikurudi hata moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni kusimama uone. Kama huwezi kuchinja, simama uone anayechinja, kuku mmoja mmoja, na asiingie majini mpaka atulie kabisa. Ukiwa na haraka, simama. Umechoka, simama. Mteja akiuliza, mtajie mtu.

Bango andika ukipenda. Cheti cha halali BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wanatoa, biashara ikikua kafuate. Ila cheti hakitakuwa nawe sokoni saa kumi na moja alfajiri.

Na wale mnaoniuliza kila siku kuhusu tembo la mnazi la kuumulia vitumbua: bibi yangu aliumulia, vilikuwa vitamu, Mungu amrehemu. Lakini kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia haramu, na hamira iko kila duka. Tusisumbuane.

Jambo la mwisho, malipo. Chukua yote kabla hujawasha kuni. Mimi nusu yangu ya ile harusi mpaka leo sijaiona, na mama wa bwana harusi tunapishana njiani kila Ijumaa, tunasalimiana vizuri tu.