Unapatia mshindi, mbona salio linapungua?

Swali hili hurudi kila mara kwenye ujumbe wa wasomaji wanaofanya biashara kwenye masoko ya ubashiri ya michezo ya kielektroniki. Jibu liko kwenye bei. Hisa ya timu iliyoshinda hulipwa dola 1, ya iliyoshindwa hailipwi kitu. Ukinunua kwa senti 80 kila mara na ukapatia mechi tatu kati ya nne, unaingiza faida ya senti 60 na kupoteza senti 80. Kwa bei hiyo lazima upatie zaidi ya mara nne kati ya tano, na hapo ada haijakatwa.

Kwa hiyo andika asilimia yako ya uwezekano wa timu kushinda kabla ya kutazama bei. Ukiiona bei kwanza, makadirio yako yataifuata tu.

Kwenye Counter-Strike 2, mchezo wa kupigana risasi kati ya timu mbili, usikadirie mechi nzima kwa mkupuo. Kadiria ramani (uwanja wa mapambano) moja moja. Katika mechi ya ramani tatu, ambayo anayeshinda mbili ndiye mshindi, kwa utaratibu uliozoeleka, orodha huanza na ramani saba: kila timu hukataa moja, kisha kila moja huchagua moja, kisha kila moja hukataa nyingine, na inayobaki huwa ya tatu. Tuseme timu yako ina asilimia 70 kwenye ramani iliyochagua, 45 kwenye ya mpinzani na 55 kwenye ya tatu. Kushinda mbili za kwanza ni 0.70 × 0.45, yaani 0.315. Kugawana, yaani kila timu kushinda moja (0.70 × 0.55 + 0.30 × 0.45), ni 0.52, ukizidisha kwa 0.55 unapata 0.286. Jumla ni 0.601, kwa hiyo hisa ina thamani ya senti 60. Sasa ramani ya tatu ikiwa ile ambayo timu yako ina asilimia 40 tu, jumla inashuka hadi 0.523. Karibu senti nane zimeondoka kabla risasi haijapigwa! Ndiyo maana anayenunua asubuhi kwa sababu ya jina la timu anamwachia faida anayesubiri uchaguzi wa ramani. Acheni kununua jezi. Na angalieni kikosi pia: mchezaji wa akiba akiingia, takwimu za ramani za miezi iliyopita hazina uzito uleule.

Kuhusu oda, yaani agizo lako la kununua au kuuza, weka bei yako na usubiri. Soko likiwa na mnunuzi wa senti 54 na muuzaji wa senti 58, anayenunua papo hapo na kughairi dakika hiyohiyo amepoteza senti nne kwa kila hisa, karibu asilimia 7 ya alichotoa. Masoko ya mechi ndogo huwa na pengo pana zaidi.

Mechi ikishaanza, kumbuka kwamba matangazo unayotazama yamecheleweshwa. Bei ikiruka huku skrini yako ikionyesha raundi imetulia, kuna mtu amepata matokeo kabla yako, na oda uliyoiacha wazi ndiyo atakayoichukua. Ifute kabla ya raundi ya kwanza, labda uwe na chanzo cha haraka kama chake.

Kiasi cha kuweka kina hesabu yake: toa bei kwenye makadirio yako, kisha gawanya kwa moja kutoa bei. Makadirio 0.60 na bei 0.54 yanatoa 0.06 ÷ 0.46, yaani asilimia 13 ya mtaji. Weka robo ya hapo, takriban asilimia 3, kwa kuwa makadirio yenyewe yana makosa. Pesa ya kodi ya nyumba isiguse soko hili kabisa.

Mwisho, soma kanuni za malipo za kila soko. Mechi ikifutwa, baadhi ya masoko hulipa senti 50 kwa kila upande. Aliyenunua kwa senti 72 amepoteza senti 22 bila ramani hata moja kuchezwa, na aliyeshika upande wa pili kwa senti 28 amepata zilezile 22.