Wadogo zangu mafundi bomba, toeni huo mpira kwenye pipa

Jumamosi nilipita saiti moja Goba nikamkuta kijana wetu anajaza pipa la maji ya zege. Mpira umezama mpaka chini, koki wazi, mwenyewe yuko kwenye simu. Nilipiga kelele hadi mama ntilie akageuka. Jamani, mji huu maji ni ya mgao! Yakikatwa, bomba la mtaani linavuta kinyumenyume chochote ambacho mpira umezama ndani yake.

1. Mwisho wa mpira usiguse maji. Basi.

2. Bomba la kuingizia maji kwenye simtanki likae juu ya usawa wa ovafloo (tundu la kutolea maji yakizidi), mara mbili ya kipenyo cha bomba hilo, na pengo lisipungue milimita 25.

3. Pampu usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Itanyonya uchafu wa mtaroni kupitia kila ufa.

4. Maji ya kisima na ya DAWASA, yaani ya bomba la mtaani hapa Dar es Salaam, yasikutane kwenye laini moja, hata mwenye nyumba akilia. Hapa nina la kuungama. Mwishoni mwa 2015, mji mzima una hofu ya kipindupindu, mzee mmoja wa Tabata hakutaka kununua tanki la pili. Nikamuungia vyote kwa tii (kiungo cha njia tatu), geti vavu ya kufunga kwa mkono na nonritani moja, ile vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, nikaondoka kifua mbele. Wiki mbili hazikupita, mama wa nyumba ya tatu akaona chai yake ina chumvi. Akabadilisha sukari, akabadilisha majani, akamgombeza binti wa kazi. Nilipoitwa nikaonja maji ya koki yake: ya kisima kabisa. Ya mtaani yakikatika, pampu ya mzee ilikuwa inamsukumia yeye, na mwanawe wa miaka miwili alikuwa anaharisha siku ya tatu.

Nikafungua nonritani. Chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya mtama, imekaa kwenye kilango kikashindwa kufunga. Geti vavu iliachwa wazi, kama watu wote wanavyoiacha. Kutoka kisimani hadi shimo la choo ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu siku hiyo, si siku ya kufunga.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Ile tii niliikata kwa msumeno palepale, simtanki nikanunua kwa hela yangu, nikaenda kumwomba radhi yule mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita binti wa kazi kutoka jikoni.

“Mwambie na huyu.”